Merlin Bird ID wakati wa theluji: inasikia vizuri, ila usiiachie ikuandikie orodha

Kwanza bei: bure. Hakuna matangazo, wala toleo la kulipia linalokunyima nusu ya vipengele mpaka utoe kadi ya benki. Merlin Bird ID inatengenezwa na Cornell Lab of Ornithology, taasisi ya utafiti wa ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell kule Ithaca, New York. Ilitoka 2014, lakini kilichoisambaza kwenye simu za watu ni Sound ID, kipengele cha kutambua ndege kwa sauti kilichoongezwa 2021. Hapa tunaipima kwa msimu mmoja na eneo moja tu: majira ya baridi kaskazini mwa Marekani, hasa Duluth, Minnesota, na ardhi ya mabwawa na misonobari iitwayo Sax-Zim Bog, kaskazini-magharibi mwa mji huo. Tathmini nyingi za programu hii zimeandikwa kana kwamba kila siku ni asubuhi ya Mei, ndege wote wanaimba na betri ya simu haiishi. Januari ni habari nyingine.

Anayetafuta ndege mpya, yaani aina ambazo bado hazimo kwenye orodha yake ya ndege aliowahi kuwapata, ana sababu ya kuipenda baridi. Aina za ndege ni chache, kwa hiyo mkanganyiko unapungua. Miti imepukutika, kwa hiyo ndege hana pa kujificha. Na kati ya hao wachache wapo ambao Julai huwapati hata uzunguke wiki nzima, maana makazi yao ni Aktiki na misitu ya Kanada, na hushuka kusini baridi ikibana: Snow Bunting, Redpoll, mwewe aitwaye Rough-legged Hawk, na miaka mingine bundi mweupe, Snowy Owl. Hawaji kwa wingi uleule kila mwaka. Redpoll hufuata mbegu za miti ya birch na alder. Miti hiyo ikizaa vizuri kule kaskazini, ndege hubaki hukohuko. Mbegu zikikosekana wanamiminika kusini kwa makundi. Bundi wakubwa nao hufuata panya. Ndiyo maana mtu anaweza kuambulia patupu msimu mzima, kisha mwaka unaofuata akaongeza ndege watatu wapya kwa asubuhi moja.

Kazi na Merlin huanzia nyumbani, kwenye joto na Wi-Fi. Pakua pakiti ya ndege wa eneo unalokwenda, kwa sababu barabara za Sax-Zim si mahali pa kutegemea mtandao. Pakiti zinakula mamia ya megabaiti, hivyo futa zile usizozihitaji. Ikishapakuliwa, utambuzi wote, wa sauti na wa picha, hufanyika ndani ya simu yenyewe. Ruhusu programu ijue mahali ulipo. Wengi huzima ruhusa hiyo kwa kulinda faragha, kisha wanashangaa kutajiwa ndege wa California wakiwa Minnesota: Merlin hutumia mahali na tarehe kupunguza orodha ya washukiwa, na ukiinyima vitu hivyo viwili unakuwa umeipofusha.

Sehemu ambayo haipewi sifa inayostahili ni Explore. Weka mahali na tarehe, itakupangia ndege kuanzia anayeripotiwa mara nyingi hadi wa nadra, na kila jina lina pau ya kijani inayoonyesha wiki kwa wiki anavyopatikana mwaka mzima. Takwimu zinatoka eBird, hifadhidata ya Cornell ambako watazamaji wa ndege huingiza orodha zao tangu 2002. Usikariri orodha nzima. Chagua ndege sita au saba ambao pau zao zinanenepa Desemba hadi Februari na kukatika kabisa kiangazi, sikiliza sauti zao jioni, angalia picha zao. Hao ndio wageni wako wa msimu. Ukiwa na akaunti ya eBird, washa pia tahadhari za barua pepe za ndege ambao hawamo kwenye orodha yako: unachagua mkoa, wao wanakuletea taarifa kila mmoja wao akiripotiwa.

Ukitoka nje, adui wa kwanza ni baridi kwenye betri. Betri ya lithiamu hushindwa kutoa umeme wake wote ikipoa, na simu inaweza kuzima ghafla wakati kioo kilikuwa kinaonyesha bado ina asilimia 30. Apple wanasema iPhone itumike kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi. Duluth, Januari, asubuhi ya nyuzi −20 haimshangazi mtu. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, chini ya jaketi. Itoe, rekodi dakika moja au mbili, irudishe. Betri ya akiba nayo ikae ndani, si kwenye mkoba wa mgongoni ambako itaganda kama mawe. Simu iliyozima kwa baridi kwa kawaida hufufuka ikipata joto, hivyo usikimbilie kuichaji ikiwa bado baridi.

Kosa jingine hutokea mwisho wa safari. Simu, darubini na kamera zilizopoa zikiingizwa ghafla kwenye nyumba au gari lenye joto hufunikwa na umande. Darubini nzuri zimejazwa naitrojeni na hazipati ukungu ndani, lakini simu na kamera hazina kinga hiyo. Ziweke kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu kabla hujafungua mlango, ziache humo mpaka zipate joto la chumba. Umande utakaa nje ya mfuko.

Sasa Sound ID yenyewe. Programu inageuza sauti kuwa mchoro unaotembea kwenye kioo, spektrogramu, kisha inatambua maumbo ya mchoro huo. Ni vizuri kujifunza kuusoma, kwa sababu utakuonyesha kwa nini umepata majibu ya ovyo. Sauti nzito huwa chini ya mchoro na nyembamba huwa juu. Upepo ni wingu jeusi lililolala chini kabisa. Nyayo zako kwenye theluji kavu ni mistari ya wima inayokata mchoro kutoka chini hadi juu, na jaketi la nailoni linalochakarisha linatoa mistari kama hiyo, ila imesongamana. Ndege ni alama safi, zenye umbo linalojirudia. Ukiona wingu na mistari mitupu, majina yoyote yanayojitokeza hayana thamani. Simama kabisa, geuza mgongo kwenye upepo, elekeza upande wa chini wa simu, palipo maikrofoni, kwa ndege, usizungumze, na usitembeze kidole cha glavu juu ya tundu la maikrofoni. Dakika moja ya kusimama inazaa kuliko nusu saa ya kurekodi huku unatembea.

Ndege wa baridi haimbi sana. Anaita: mlio mfupi mmoja, mara mbili, basi. Lakini ana tabia inayokusaidia, ya kutembea kwa makundi mchanganyiko. Mwenye kundi mara nyingi ni Black-capped Chickadee, ndege mdogo mwenye kofia nyeusi na maneno mengi, na nyuma yake hufuata nuthatch, vigong'ota wadogo, Brown Creeper na Golden-crowned Kinglet. Ukisikia chickadee, washa kurekodi mara moja, hata kama chickadee mwenyewe umeshamwona mara mia.

Hapo ndipo Merlin inapostahili sifa zote. Golden-crowned Kinglet ana gramu 5 au 6, anakaa juu kwenye misonobari, na mlio wake uko kwenye kilohezi 7 hadi 8, eneo ambalo masikio ya watu wengi wenye umri mkubwa hayafiki tena. Simu inafika. Kuna watu wamepita chini ya ndege huyu miaka nenda miaka rudi bila kujua yupo. Jina likiwaka kwenye kioo, simama, tazama ncha za matawi. Atapapatika mbele ya tawi kama anataka kutua hewani, na utepe wa njano kichwani wenye kingo nyeusi utaonekana akiinama. Usimchanganye na Brown Creeper, ambaye Merlin nayo huwachanganya kundi likiwa mbali: kinglet hutoa milio mitatu minne ya harakaharaka, creeper hutoa mmoja mrefu unaotetemeka kidogo. Na creeper hayuko kwenye ncha za matawi. Yuko shinani, anapanda mti kwa kuzunguka, akifika juu anarukia chini ya mti unaofuata na kuanza upya.

Jina likitokea mara moja halafu lisiwake tena, lichukulie kama tetesi. Jina linalowaka upya kila ndege anapoita, na wewe ukisikia mlio huo kwa wakati uleule, lina uzito zaidi. Ukimaliza kurekodi, gusa jina. Programu inakurudisha kwenye sekunde zile ilizomsikia. Zicheze, kisha cheza sauti za mfano zilizo chini ya jina hilo, ulinganishe. Watu wengi hawafanyi hivi, na ndiyo chanzo cha orodha nyingi za kuchekesha.

Tazama pia nukta zilizo pembeni ya majina. Nukta nyekundu maana yake ndege huyo ni adimu mahali hapo na tarehe hiyo. Ya rangi ya chungwa iliyojaa nusu maana yake si wa kawaida. Moyo unadunda ukiona nyekundu, na hapo ndipo pa kupunguza kasi. Mfano mzuri ni Eastern Wood-Pewee. Akitajwa Duluth mwezi Januari, usipige simu kwa mtu: ndege huyo wakati huo yuko Amerika Kusini. Aliyepiga mlio ule ni karibu hakika kwenzi wa Ulaya, European Starling, ambaye huiga sauti za wengine, na pewee pamoja na Killdeer ni miongoni mwa anaowapenda kuwaiga. Blue Jay naye ana mchezo wake wa kuita kama mwewe. Merlin inasikia mlio, haimwoni anayeutoa. Nukta nyekundu kwenye msimu huu iwe amri ya kutafuta kwa darubini mpaka umwone aliyefungua mdomo.

Kipimo kizuri cha uwezo wake ni vigong'ota wawili wanaokaa Minnesota mwaka mzima, Downy na Hairy. Wote weusi kwa weupe, wote na doa jekundu kisogoni kwa dume. Milio yao ya mkwaruzo Merlin huitenganisha vizuri: wa Downy huteremka mwishoni, wa Hairy hukaa palepale. Ila mlio wao mfupi wa mara moja huichanganya, hasa kukiwa na mwangwi wa miti. Hapo jicho linamaliza ubishi kwa sekunde mbili. Mdomo wa Downy ni kama theluthi ya urefu wa kichwa chake. Wa Hairy unakaribia urefu wa kichwa kizima. Manyoya ya pembeni ya mkia wa Downy yana madoadoa meusi, ya Hairy ni meupe safi. Ukubwa wa mwili usiutegemee akiwa peke yake juu ya mti.

Na sasa udhaifu wake mkubwa, ambao hakuna sasisho litakaloutibu: ndege wanaotafutwa zaidi msimu huu wako kimya. Great Gray Owl, ambaye watu husafiri mbali kumfuata Sax-Zim, hukaa juu ya nguzo au kilele cha msonobari akisikiliza panya chini ya theluji, na mchana wa Januari hatoi neno. Snowy Owl vilevile. Bundi mwingine, Northern Hawk Owl, na ndege mwindaji aitwaye Northern Shrike wanakaa vileleni kama wanalinda zamu. Ukitembea na macho kwenye simu ukingoja jina, utawapita wote wanne. Kwa ndege hawa, weka simu mfukoni na tumia macho: kagua kila kilele cha mti kilicho na uvimbe, kila nguzo, hasa saa ya kwanza baada ya mapambazuko na saa ya mwisho kabla ya machweo. Mchana wa Desemba huko ni wa saa nane na nusu tu, jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo hizo saa mbili ni fungu kubwa la siku. Ukiegesha gari, kaa upande wa barabara palipo pagumu. Mitaro imejaa theluji laini iliyosawazishwa na lori la kusafishia, na gari linalosogezwa pembeni sana huzama.

Ukimwona bundi na hujui ni yupi, tumia maswali matano ya Merlin: ulikuwa wapi, lini, ukubwa gani, rangi gani kuu, alikuwa anafanya nini. Ukubwa hupimwa kwa kulinganisha na shomoro, robin, kunguru na bata bukini. Kosa la kawaida ni kuchagua rangi tatu zote zilizoonekana, hata ile ya mguu. Chagua zilizotawala mwilini. Njia hii ni ya kizamani kidogo, lakini haihitaji ndege apige mlio wala akae kwa picha.

Photo ID, kipengele cha kutambua ndege kwa picha, nayo ni imara kuliko watu wanavyodhani, mradi picha iwe na mwanga. Theluji inaidanganya kamera: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na ndege anatoka kivuli cheusi. Kwenye simu, gusa ndege kwenye kioo kisha sukuma alama ya jua juu. Kwenye kamera, ongeza mwanga kwa hatua moja hadi moja na nusu. Kisha, ndani ya Merlin, vuta picha mpaka ndege ajaze kile kisanduku. Picha ya kioo cha nyuma cha kamera, iliyopigwa kwa simu, inatosha. Inatofautisha vizuri aina mbili za ndege waitwao waxwing, kwa mfano, kama umepiga picha ukiwa chini yao: Bohemian ana rangi ya kutu chini ya mkia na tumbo la kijivu, Cedar ana weupe chini ya mkia na unjano tumboni. Shakwe je? Hapana. Shakwe wachanga kwenye bandari ya Duluth hubadili manyoya kwa miaka kadhaa, wa aina kubwa huchukua minne kukomaa, na programu hubandika jina kwa ujasiri usiostahili. Kwa shakwe, chukua picha nyingi, zikiwemo za mbawa zilizokunjuliwa, na muulize mtu.

Kitufe cha kuhifadhi ndege kwenye orodha yako ya maisha kiko pale chini ya jina, kikubwa, kinavutia kidole. Ushauri wetu ni mkali: kwa ndege mpya, usikibonyeze kwa sauti pekee mpaka umesikiliza rekodi na kuitambua mwenyewe, au umemwona. Orodha hiyo inaingia kwenye akaunti yako ya eBird, na ukiripoti ndege adimu huko wakaguzi wa mkoa huuliza ushahidi. Rekodi ya Sound ID unaweza kuiambatisha, na hiyo ni faida kubwa kuliko jina lenyewe. Usishangae pia orodha ikipungua bila kosa lako. Mwaka 2024 Redpoll waliokuwa wakihesabiwa aina tofauti, Common, Hoary na Lesser, waliunganishwa kuwa aina moja, na watu waliokuwa wamekesha wakitafuta Hoary waliamka na ndege mmoja pungufu.

Jambo moja tusilikubali: kucheza sauti za Merlin kwa spika ili ndege asogee. Usiku wa baridi chickadee hushusha joto la mwili wake kwa takriban nyuzi 10 ili kuokoa mafuta aliyokusanya mchana. Ndege anayeacha kula ili kumfukuza mpinzani asiyekuwepo anachoma akiba hiyo. Bundi ndiyo kabisa, asiguswe. Sikiliza sauti za mfano ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa.

Kwa wanaokwenda likizo nyumbani Desemba na Januari: pakiti ya Afrika Mashariki ipo, ipakueni kabla ya safari. Msimu huohuo Redpoll yuko Minnesota, ndege wa pwani waliotoka Siberia wako Mida Creek, karibu na Watamu, wamevaa manyoya yao ya kijivu ya nje ya msimu wa kuzaliana. Huko Explore na Photo ID ndizo za kutegemea. Sound ID imefunzwa zaidi kwa ndege wa Amerika Kaskazini na Ulaya, hivyo itazame kama mgeni mwenzako.